Kufunga jiliwa kwenye karakana ya nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mengi ya maswali haya hutoka kwa watu waliokwisha kununua jiliwa (vaisi, kama wengi wanavyoliita: kifaa chenye mataya mawili ya kubania kitu unachokifanyia kazi), wakalibeba kwa jasho hadi nyumbani, wakalitua juu ya meza, na sasa wanalitazama huku drili iko mkononi. Ningewaomba waiweke drili chini kwanza. Mimi nina meza yenye matundu manne yaliyozibwa kwa vijiti na gundi, na kila ninapofagia unga wa chuma juu yake naikumbuka haraka yangu.

Nianze kupima nini?

Anza na taya la nyuma, lile lisilosogea. Uso wake wa ndani, unaokutana na kazi (yaani kitu kinachobanwa), uwe umepita ukingo wa meza kwa milimita 5 hadi 10.

Sababu yake utaiona siku utakapotaka kubana kitu kirefu kikiwa kimesimama: bomba, nondo, ubao wa mlango. Taya likiwa mbele ya ukingo, bomba linashuka moja kwa moja hadi karibu na sakafu bila kugusa meza. Taya likiwa nyuma ya ukingo, hata kwa upana wa kidole, bomba linagonga meza na huwezi kulibana likasimama wima. Utaanza kulilaza, au kulibana kwa pembe ya taya tu, na hapo linateleza katikati ya kukata. Matundu yangu manne yalizaliwa hivyo. Nililiweka jiliwa sentimita 2 ndani ya meza kwa sababu nililiona "limekaa vizuri", na bomba la kwanza lilipokataa kuingia nikajua kazi imeanza upya.

Namna ya kuhakiki ni rahisi. Fungua mataya, chukua rula ndefu au kipande cha ubao kilichonyooka, kiegemeze kwenye uso wa taya la nyuma na ukishushe. Kikipita bila kugusa meza, uko sawa. Wakati huohuo chungulia kitako: chote kiwe kimelala juu ya meza. Kwa majiliwa mengi haya mawili yanawezekana pamoja. Kama lako lina umbo ambalo taya linabaki ndani kitako kikikaa chote, chonga pengo dogo kwenye ukingo wa meza mbele ya taya. Usikisogeze kitako kikaning'inia hewani.

Urefu sahihi ni upi?

Simama mbele ya meza ukiwa umevaa viatu unavyofanyia kazi. Kunja mkono, ngumi iguse kidevu. Ncha ya kiwiko inapofika ndipo panapotakiwa kufika juu ya mataya. Angalia vizuri: juu ya mataya, si juu ya meza. Wengi hutengeneza meza ya urefu wa kiwiko, kisha wanaongeza jiliwa la sentimita 18 juu yake na kujikuta wanapiga tupa (kile chuma chenye meno cha kulainishia chuma) kama mtu anayepaka rangi dari.

Hesabu basi hufanywa kurudi nyuma. Kiwiko kikiwa sentimita 108 kutoka sakafuni na jiliwa likiwa na kimo cha sentimita 18, meza iwe sentimita 90.

Tupa ndiyo inayodai urefu huu kuliko kifaa kingine chochote. Unapopiga tupa, kigasha kinapaswa kwenda mbele na kurudi kikiwa kimelala sambamba na kazi. Jiliwa likiwa juu mno, bega linapanda, mikono inayumba, na uso uliotaka uwe bapa unatoka na kibyongo katikati. Likiwa chini mno unainama, na baada ya nusu saa mgongo ndio utakaokwambia. Kama kazi yako kubwa ni kugonga kwa nyundo na tindo, lishushe sentimita 5 hadi 8 chini ya kiwiko. Kama ni vitu vidogo vya kutazamwa kwa karibu, lipandishe kidogo.

Meza tayari ipo na siwezi kubadili kimo chake. Je?

Ikiwa chini, weka kipande cha mbao ngumu kati ya jiliwa na meza, kipana kuliko kitako, na bolti ndefu zipite vyote viwili. Ikiwa juu, tengeneza jukwaa la mbao la kusimamia. Jukwaa liwe pana, maana fundi anapokaza macho kwenye kazi hakumbuki ukingo uko wapi. Karakana inayotumiwa na watu wawili, mmoja mrefu na mwingine mfupi, ifuate mrefu. Mfupi apate jukwaa.

Kushoto, kulia au katikati ya meza?

Karibu na pembe, na juu ya mguu wa meza. Pembeni unaweza kubana kitu kirefu kikiwa kimelala, ncha yake ikatokeza nje ya meza bila kugonga ukuta wala rafu. Juu ya mguu, kila pigo la nyundo linashuka hadi sakafuni. Jiliwa lililofungwa katikati ya ubao mrefu usio na nguzo chini linadundadunda: unapiga mara tatu kupata kazi ya pigo moja, kwa kuwa sehemu ya nguvu imeishia kuutikisa ubao.

Ila "juu ya mguu" isichukuliwe neno kwa neno. Kuna watu waliotoboa hadi ndani ya mguu wenyewe, wakakosa pa kuweka nati. Chungulia chini ya meza kabla hujaweka alama: bolti zipite kandokando ya mguu na mbali na fremu, mahali spana inapoweza kuzunguka.

Upande gani? Maseremala wanaotumia mkono wa kulia kwa desturi huweka jiliwa lao kushoto, kwa sababu randa huenda kuelekea huko na ubao unapata meza nzima ya kulalia nyuma yake. Kwenye kazi za chuma hakuna sheria inayoshinda jaribio. Libane jiliwa kwa klempu mbili kwenye pembe moja, ulitumie kwa kazi nyepesi siku kadhaa, kisha ulihamishie upande wa pili. Kata kwa msumeno, piga tupa, fungua mataya hadi mwisho. Mwili wako utachagua. Usigonge nyundo katika kipindi hicho, klempu hazikuumbwa kwa hilo.

Niache nafasi kiasi gani mbele yake?

Fungua mataya yote, zungusha mpini, halafu jiongeze wewe mwenyewe ukiwa umesimama mguu mmoja mbele na mwingine nyuma. Mita 1 ndiyo ndogo ninayoweza kuivumilia. Angalia pia chini: mpini ukizunguka, ncha yake hushuka chini ya usawa wa meza, kwa hiyo droo iliyo wazi hapo itagongwa. Wala jiliwa lisikae mahali watu wanapokatiza kwenda mlangoni. Parafujo yake iliyotokeza iko usawa wa nyonga ya mtu mzima na usawa wa uso wa mtoto.

Na mwanga?

Utoke juu na mbele, na kama taa ni moja, iwe upande usioshika kifaa ili mkono usitie kivuli kwenye mstari unaoufuata. Dirisha nyuma yako ni hasara: kivuli chako ndicho kitakachofanya kazi.

Skrubu za mbao hazitoshi?

Kwa jiliwa dogo la kubania waya na vitu vya saa, labda. Kwa jiliwa la kweli, hapana. Skrubu hushika kwa meno yake kwenye nyuzi za mbao tu. Ukibana bomba la mita 1 na kulipinda, umetengeneza wenzo, na wenzo huo unazing'oa skrubu moja baada ya nyingine, taratibu, hadi siku jiliwa linapolala upande na kilo zake zote. Bolti inapita ubao mzima na kuubana kati ya kichwa na nati. Hakuna kinachong'oka mpaka ubao wenyewe upasuke.

Unene wa bolti umeshaamuliwa na tundu la sikio la jiliwa, yaani kile kipande cha kitako kinachotokeza ili bolti ipite: chukua nene kadiri linavyoruhusu. Kwa jiliwa la inchi 4 au 5 mara nyingi ni milimita 10 au 12, na la inchi 6 huwa 12 au zaidi. Jaza masikio yote. Kama ni manne, weka bolti nne.

Urefu wa bolti usibahatishwe. Jumlisha unene wa sikio, washa (pete bapa ya chuma) ya juu, ubao, bamba la chini, nati, na uzi kidogo wa kutokeza. Mfano: sikio 15, washa 2, ubao 50, bamba 6, nati 10, uzi 5. Jumla ni milimita 88, kwa hiyo unanunua bolti ya 90. Ikiwa ndefu kupita kiasi itakukwaruza kila unapoingiza mkono chini ya meza kutafuta kilichoanguka.

Kichwa cha bolti kiwe juu, nati chini. Uzi ukibaki juu utajaa unga wa chuma na kunasa mkono wa shati.

Chini ya meza niweke nini?

Bamba la chuma la milimita 5 au 6, refu kiasi cha kuunganisha bolti mbili, au washa pana kwa kila bolti ukikosa bamba. Washa ndogo ya kawaida hudidimia kwenye mbao kama sarafu kwenye udongo mbichi, na kila inavyodidimia bolti inalegea. Nati ziwe za kujifunga, zile zenye pete ya nailoni ndani. Mtikisiko wa nyundo hufungua nati ya kawaida bila kukuomba ruhusa.

Juu ya meza yangu ni plaiwudi ya milimita 18. Itahimili?

Peke yake, hapana, itanesa. Ongeza unene mahali pa jiliwa tu: gundisha tabaka mbili au tatu za plaiwudi upande wa chini, eneo kubwa kuliko kitako, zikifika mguuni na kwenye fremu. Ukipata milimita 50 hivi una msingi. Meza ya mabamba ya unga wa mbao nisingeitegemea hata kwa unene huo, kwa sababu husagika kuzunguka bolti.

Nitoboe vipi matundu yasiende upande?

Weka jiliwa mahali pake, hakiki taya la nyuma tena, kisha chora kupitia masikio kwa penseli nyembamba. Liondoe. Piga alama ya katikati kwa msumari, toboa kwanza kwa biti ya milimita 4, halafu biti kamili iliyo kubwa kuliko bolti kwa milimita 1. Simamisha guni (kipimo cha pembe mraba) mezani kando ya drili na utazame biti ikishuka sambamba nayo. Kama una msaidizi, akutazame kwa upande ule usiouona. Jicho moja halioni pande mbili. Bana kipande cha ubao chini ya meza biti isije ikapasua nyuzi inapotokea.

Mafundi wengine hutoboa tundu moja, hufunga bolti, halafu hutoboa la pili lililo mkabala kwa kupitia sikio lenyewe. Ni njia nzuri kwa asiyeamini penseli yake.

Nikaze kwa nguvu kiasi gani? Rafiki yangu alikaza mpaka sikio likavunjika.

Huenda hakukaza mno. Huenda meza yake haikuwa tambarare. Majiliwa mengi ni ya chuma cha kusubu, yaani kilichomiminwa kwenye kalibu. Chuma hicho huhimili sana kubanwa lakini hakipendi kupindwa: hakinyumbuki, kinakatika. Kitako kikiwa kimekaa juu ya pointi tatu na sikio la nne likielea milimita 1, kila unavyokaza unalipinda sikio hilo.

Kwa hiyo kabla ya bolti, bonyeza kila pembe ya kitako kwa kidole gumba. Ikicheza, randa meza au tia kipande cha bati chembamba chini ya pembe inayoelea. Kisha kaza kwa msalaba, kidogokidogo, kama unavyofunga gurudumu la gari, kwa spana ya kawaida bila kurefusha mpini wake. Baada ya wiki mbili tatu za kazi rudia, maana mbao hujibana na bolti hulegea.

Jiliwa limekaza, lakini meza nzima inatembea.

Hapo tatizo limehama tu. Jiliwa ni imara kadiri ya kile kinacholishika, na meza nyepesi ni sehemu ya jiliwa upende usipende. Jaribu kwa mpangilio huu: kwanza mikingamo ya mshazari kati ya miguu, kwa kuwa meza nyingi huyumba kwenye maungio. Pili, uzito kwenye rafu ya chini: mawe, vyuma, ndoo za mchanga. Tatu, ifunge kwenye ukuta imara au sakafuni. Ukutani ndiko bora zaidi kwa anayepiga tupa, kwa sababu nguvu yake inakwenda mbele na meza haina pa kukimbilia.

Nyumba ni ya kupanga, au meza ndiyo hiyohiyo ya shughuli nyingine. Siwezi kutoboa.

Funga jiliwa kwa bolti kwenye ubao mzito wa unene wa milimita 40 au zaidi. Chini yake, upande wa mbele, pigilia mti unaoshuka na kukaa kwenye ukingo wa meza. Vichwa vya bolti vizamishwe upande wa chini ubao ulale vizuri. Ukitaka kazi, unaweka ubao mezani, mti unagota ukingoni, na klempu mbili kubwa zinabana nyuma. Usisahau kuuhesabu unene wa mti huo unapopanga taya la nyuma: sasa ukingo wako ni uso wa mti, si meza.

Ubao huo unatosha kwa tupa, msumeno na kukunja bati. Haufai kwa nyundo ya kilo 2.

Kitako kinachozunguka kina maana?

Kina maana mara chache, nazo ni zile ambazo kazi ndefu inagonga kitu upande mmoja. Gharama yake ni kiungo kimoja zaidi kinachoweza kucheza. Ukilinunua, panga vifungio vya kuzuia mzunguko viwe mahali mkono unafika, na upime taya la nyuma jiliwa likiwa limetazama mbele kabisa. Likigeuzwa pembeni, hesabu ya ukingo inabadilika, na hilo halina dawa. Langu lina kitako hicho. Sikumbuki lini nimelizungusha mara ya mwisho.

Inchi ngapi kwa nyumbani?

Kipimo hicho ni upana wa mataya. Inchi 4 au 5 hukidhi karibu kila kitu. La inchi 6 ni zuri kama meza ni nzito, vinginevyo ni jiliwa kubwa lililofungwa kwenye kitu kinachoyumba. Kati ya dogo zito na kubwa jepesi, chukua dogo zito.

Jiliwa la seremala hufungwa vivyo hivyo?

Hapana, na kuchanganya mawili haya huharibu yote. La seremala hufungwa chini na ubavuni mwa meza: juu ya mataya pawe sawa na meza au chini kidogo, na taya la nyuma lizamishwe hadi liwe sawasawa na ukingo, ubao mrefu uegemee taya na ubavu wa meza kwa pamoja. Halitokezi mbele kama la chuma.

Naweza kugonga nyundo juu yake?

Kwenye kazi iliyobanwa, ndiyo, ukielekeza mapigo kwenye taya lisilosogea. Upande huo una mwili mzima wa jiliwa nyuma yake. Ukipiga kuelekea taya la mbele, pigo lote linabebwa na uzi wa parafujo na nati yake ndani. Usipige juu ya mhimili unaoteleza; ni mahali laini kuliko panavyoonekana. Sehemu bapa nyuma ya taya, iliyochongwa kama fuawe, ni ya kunyooshea msumari tu. Anayefua vyuma vya moto atafute jiliwa la mhunzi, la chuma kilichofuliwa, lenye mguu mrefu unaofika sakafuni.

Nirefushe mpini kwa bomba nikaze zaidi?

Usifanye hivyo. Urefu wa mpini umepangwa ili mikono yako ichoke kabla uzi haujakatika. Kazi ikiteleza, shida iko kwenye mataya au kwenye namna ulivyoibana, na mara nyingi ni hii: umebana kitu upande mmoja tu wa mataya. Taya la mbele linakaa mshazari, linashika kwa pembe. Weka kipande cha unene uleule upande wa pili kisha ukaze. Utashangaa ulikuwa unatumia nguvu nyingi kwa nini.

Mataya yanaacha meno kwenye kazi.

Kata vipande viwili vya engo ya alumini kwa upana wa mataya uvivike juu yake. Kwa mbao na vitu vilivyopakwa rangi, tumia ubao laini au ngozi.

Linahitaji matunzo gani?

Brashi kila baada ya kazi, matone ya oili kwenye uzi, grisi kidogo kwenye mhimili. Unga wa chuma ukichanganyika na grisi nyingi huwa msasa, basi usipake kama siagi. Ukichomelea karibu, funika parafujo, na waya wa kurudisha umeme uushikize kwenye kazi yenyewe.

Jioni, yaache mataya yamekaribiana bila kubanana na mpini ukining'inia wima, usije ukamgonga mtu anayepita. Ule mpini unaoteleza kwenye tundu lake una tabia ya kuanguka ghafla na kubana ngozi kati ya kidole gumba na kichwa cha parafujo. Pete mbili za mpira, moja kila ncha, humaliza ugomvi huo.